Wimbo wa Myahudi wa Mbale Kibarazani kwa Mama

Mwezi haupiti bila kupata ujumbe wa aina hii: "Dada, nampenda na yeye ananipenda, ila mimi Mkristo, yeye Mwislamu. Nyumbani wamekataa katakata. Nifanyeje?" Na mwezi haupiti bila mimi kuuweka pembeni na kujibu ule wa mume anayechelewa kurudi.

Sio siri, nimekuwa nikikwepa. Ukweli ni kwamba jambo hili lilipiga hodi nyumbani kwetu, kwa mama yangu mzazi, na kwa muda mrefu sikuwa na la kusema. Leo nimeamua kuongea. Ila nitakuzungusha kidogo. Nitakupitisha kwa mwimbaji mmoja wa nyimbo za dini kule Uganda, ambaye si Mkristo wala si Mwislamu. Ni Myahudi. Ndiyo, umesoma vizuri. Vuta kiti.

Wasichana wawili na mwani mmoja

Kwetu ni Kibeta, Manispaa ya Bukoba. Mji uko karibu, ila migomba bado inakufuata hadi mlangoni, na mibuni imesimama katikati yake kama ilivyokuwa enzi za babu. Ukitoka kibarazani kwa mama unapita njia nyembamba kati ya migomba, hatua kama hamsini hivi, unatokea kwa jirani. Hiyo njia haikulimwa na mtu. Ililimwa na miguu ya wanawake wawili.

Jirani huyo hakuzaliwa Kibeta. Familia yao ilitoka ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Mutukula. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi yote hadi mtoni, watu walikimbia na walichoweza kubeba kichwani. Wao walifika kwa babu yangu wakiwa na godoro moja na mbuzi mmoja. Babu alikuwa Mkatoliki wa kupiga goti kila asubuhi, wageni walikuwa Waislamu. Aliwapa chumba cha nyuma na hakuuliza swali la dini. Vita ilipoisha, baba wa familia ile akapata kibanja pale pale jirani, wakabaki.

Mama alikuwa na miaka kumi na miwili, na yule binti wa wageni vivyo hivyo. Walilalia mkeka mmoja miezi kadhaa. Sasa, nyie ambao si wa Kagera niwaeleze kitu. Mgeni akija kwa Mhaya hapewi soda kwanza. Anapewa mwani, yaani tunda la kahawa lililochemshwa na majani ya kunukia, likakaushwa, unalitafuna taratibu mkiongea. Na zamani, watu wawili wasio ndugu walipotaka kuwa ndugu, kahawa ndiyo ilikuwa shahidi. Tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja. Kila mmoja alichukua punje yake, akaipaka damu yake kidogo, akampa mwenzake ameze. Kuanzia hapo ukimdhuru mwenzako umejidhuru mwenyewe.

Mama na mwenzake walikuwa watoto, damu waliogopa. Walipasua mwani mmoja kwa meno, kila mtu akala punje yake, basi. Tangu siku ile wakaitana munywani. Mimi nimekua nikidhani kuwa "Munywani" ndilo jina la yule mama. Idi tulikula pilau kwao, Krismasi walikula kwetu, na kuku alichinjwa na mume wake ili wote tule bila wasiwasi.

Halafu ikaja mwaka 2018. Mdogo wangu wa kike na kijana wa munywani wakatangaza kwamba wanataka kuoana.

Ungedhani ni sherehe, kumbe ni msiba. Mama akasema mtoto wake amebatizwa na hataufuta ubatizo kwa ajili ya pete. Munywani akasema kijana wake hatapelekwa mbele ya madhabahu kama mateka. Mama akajibu. Mwenzake akajibu. Yakatoka maneno ambayo sitayaandika hapa, likiwemo moja kuhusu nani alimpokea nani mwaka 1978. Hilo ndilo lililovunja kila kitu. Msaada wa miaka arobaini ukageuzwa deni kwa sentensi moja.

Vijana walikwenda bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, mtu akabaki na dini yake. Nilisimama shahidi. Hakuna mama hata mmoja aliyekuja. Na ile njia kati ya migomba ikaanza kuota majani.

"Wayahudi gani wanaongea Kiganda?"

Desemba ya 2019 nilikwenda nyumbani likizo. Mchana mmoja mama amekaa kibarazani anamenya ndizi, mimi nimekaa pembeni na simu na kispika kidogo, napiga nyimbo nilizozihifadhi tangu chuoni. Nilipokuwa nasomea mawasiliano, mhadhiri mmoja aliwahi kutuletea CD ya nyimbo za Wayahudi wa Uganda, na mimi nikaomba kunakili. Sauti za kwaya, gitaa, ngoma kwa mbali. Ukisikia bila kuambiwa utadhani ni kwaya ya kwetu.

Kisu cha mama kikasimama. Kiganda na Kihaya ni ndugu, si unajua, na sikio lake lilikuwa limenasa neno "Mukama", ambalo huku na kule linamaanisha Bwana.

"Hawa ni walokole wa wapi?"

"Hawa si walokole, mama. Ni Wayahudi."

"Wayahudi gani wanaongea Kiganda?"

Basi ikabidi nimsimulie. Na wewe nakusimulia kama nilivyomsimulia yeye.

Mashariki ya Uganda, karibu na mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon, kuna jamii inayoitwa Abayudaya. Hilo ni neno la Kiganda, maana yake Wayahudi. Hawakutoka Yerusalemu, wala hawadai hivyo. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, shujaa wa vita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya nchi na baadaye akakosana nao. Alikuwa Mkristo, ila aliposoma Agano la Kale kwa makini akaona kuna mambo yameandikwa na hayafuatwi. Tohara, kwa mfano. Alipoambiwa kwamba hayo ni ya Wayahudi, akaona basi na awe Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakashika Sabato ya Jumamosi. Alifariki mwaka 1928, lakini jamii ikabaki.

Ikabaki hadi alipoingia Idi Amin mwaka 1971. Amin akapiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu ili waishi kwa amani, na waliobaki, watu mia chache tu, wakawa wanasali kwa siri. Hebu fikiria, Ijumaa jioni jua linazama, Sabato inaingia, na badala ya kuimba unanong'ona ili jirani asisikie.

Mama alikuwa ameacha ndizi kabisa.

"Wakaachiwa lini?"

"Kampala ilipoanguka, mama. Tarehe 11 Aprili 1979."

Nikamwambia jambo ambalo mimi mwenyewe kila nikilikumbuka nasisimka. Jioni ile ile ya Aprili 11, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo iliyokuwa mkesha wa Pasaka ya mwaka ule. Pasaka ya Wayahudi ni sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Yaani majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda wanaingia Kampala, na siku hiyo hiyo watu waliokatazwa kusali wanaingia kwenye sikukuu ya uhuru. Hakuna aliyepanga.

Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Siku ile tulicheza hapa hapa uwanjani. Mimi na munywani. Tulisikia redioni. Alikuwa analia anacheza, anasema sasa nitaona tena nyumba yetu."

Ilikuwa ni mara ya kwanza katika zaidi ya mwaka mmoja kulisikia neno munywani kinywani mwake.

Kijana wa gitaa

Sasa mwimbaji wangu. Anaitwa Joab Jonadab Keki, wengi wanamjua kwa JJ Keki. Ni mkulima wa kahawa na mtunzi wa nyimbo. Yeye na ndugu zake walikuwa miongoni mwa vijana waliosimama miaka ya 1980 jamii ilipokuwa karibu kufa. Mdogo wake ni Gershom Sizomu, ambaye baadaye alisomea urabi Marekani, akapata daraja hilo mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Vijana hawa waliona nini? Waliona kwamba wazee wamebaki na sala, ila watoto hawana hamu nazo. Nyimbo nyingi za mwanzoni zilifuata sauti za Kizungu zilizoachwa na wamisionari. Basi wakachukua zaburi zile zile na sala zile zile za Sabato, za Kiebrania na za Kiganda, wakazitungia sauti mpya zenye mdundo wa nyumbani. Mmoja anaita, wengine wanaitikia. Gitaa likaingia, ngoma ikaingia. Hata Lecha Dodi, wimbo ambao Wayahudi dunia nzima huupokelea Sabato Ijumaa jioni kama vile wanampokea bibi harusi, wao wana sauti yao. Watoto wakarudi. Kwa kweli ile dini iliokolewa na kwaya.

Mwaka 1997 zilitoka kwenye CD nje ya nchi. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ikatoa albamu nyingine, iliyoandaliwa na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tufts. Ile ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Hiyo ndiyo CD niliyonakili mimi. Katikati ya hapo, mwaka 2002, marabi kutoka nje walifika Uganda na watu wapatao mia nne wakapokelewa rasmi katika dini ya Kiyahudi, ili pasiwe na maswali tena.

Lakini sio Grammy iliyonifanya nimpende huyu baba. Ni kilichotokea baada ya Septemba 11, 2001.

Asubuhi ile Keki alikuwa New York. Alikuwa ziarani, na kama mgeni yeyote alitaka kuyaona yale majengo marefu mawili. Alikuwa akielekea pale ndege zilipoyagonga. Aliona kwa macho yake. Alitoka salama, akarudi kijijini na swali moja: kama watu wanaweza kuuana hivi kwa jina la dini, mimi nyumbani kwangu nafanya nini?

Kijijini kwake Wayahudi ni wachache. Majirani ni Wakristo na Waislamu, na wote wanalima kahawa, na wote walikuwa wanapunjwa na walanguzi kwa namna ile ile. Akaanza kupita mlango kwa mlango. Mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, kwa Kiganda amani yenye ladha, amani tamu. Uongozi wakaugawa kwa dini zote tatu. Kahawa yao ikapata mnunuzi California, kampuni ya Thanksgiving Coffee, kwa mpango wa biashara ya haki ambao mkulima analipwa bei isiyoshuka chini ya kiwango. Walianza wanachama mia kadhaa, baadaye wakavuka elfu moja.

Mama ni mkulima, msomaji wangu. Mambo ya Grammy hayakumgusa. Yeye aliuliza, "Na mzani alishika nani?"

Mnaotoka Kagera mnaelewa swali hilo. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa butura. Mtu ana shida ya ada au ya msiba, anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa butura mara nyingi si mtu wa mbali, ni jirani yako, ni muumini mwenzako. Mnasali benchi moja Jumapili na Jumatatu anakukamua. Kwa hiyo mama alikuwa anauliza jambo zito: amani hiyo ni ya mdomoni au ipo hadi kwenye kilo?

Nikamwambia ndio maana uongozi uligawanywa. Mwislamu anamwona Myahudi akipima, Mkristo anamwona Mwislamu akihesabu hela. Hakuna aliyeombwa kumwamini mwenzake kwa maneno matupu.

"Hapo sawa," akasema mama. "Huyo ana akili."

Kila mtu na sala yake

Keki aliifanya kahawa iimbe. Wakulima wenyewe walitunga nyimbo, vikundi vya wanawake, wapiga gitaa wa vijijini, kwaya. Wanaimba kuhusu kuchuma tunda lililoiva tu, kuhusu kuingia ushirika, kuhusu bei nzuri inavyosomesha mtoto, na kuhusu kukaa kwa amani na jirani wa dini nyingine. Mwaka 2013 Summit yule yule alizikusanya zikatoka kwenye albamu, Smithsonian Folkways wakaipa jina la Delicious Peace, ambalo ni tafsiri ya jina la chama chao. Humo utawasikia Waislamu, Wakristo na Wayahudi, na kama hukuambiwa hutajua ni nani ni nani.

Nilimpigia mama mbili tatu. Akatikisa kichwa, akatikisa na mguu kidogo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya:

"Huyo Keki, aliwabadili dini wale Waislamu?"

"Hapana, mama."

"Na wao hawakumbadili yeye?"

"Hapana. Ijumaa mchana Waislamu wanakwenda msikitini. Ijumaa jioni yeye anakwenda sinagogi. Jumapili wengine kanisani. Siku za kazi wote shambani."

"Kumbe inawezekana," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. Akarudi kwenye ndizi zake.

Mimi niliyesoma chuo nilikuwa nimemsikiliza huyu mwimbaji miaka saba na sikuwahi kuliona hilo alilolionea mama kwa nusu saa. Nilidhani amani ya Keki ni ile ya kusema dini zote ni sawa, tusibishane. Hapana bwana. Huyu ni mtu ambaye jamii yake ilikaribia kufutika kwa sababu ilikataa kuiacha sala yake. Hawezi kukwambia sala haina maana. Anashika Sabato yake hadi mwisho. Alichokataa ni kuigeuza Sabato yake kuwa ukuta. Na jirani hakumwomba apunguze Uislamu wake ndipo waongee. Walikutana mahali ambapo kila mmoja alikuwa mzima, pale kwenye mzani na pale kwenye wimbo.

Mama na munywani walikuwa na mahali hapo miaka arobaini. Ni ile njia. Walipoanza kugombania altare na msikiti, wakaiacha njia yenyewe iote majani, kana kwamba nayo ilikuwa na dini.

Kwenu mnaoniandikia

Najua utasema, "Dada, wewe unaongelea majirani na kahawa. Mimi naongelea kitanda kimoja." Una haki. Ushirika wa Keki, jua likizama kila mtu anarudi kwake. Ndoa, jua likizama ndio kwanza inaanza. Sitakudanganya kwamba wimbo unatosha. Na wapo watu wa Mungu, masheikh na mapadri, watakaokwambia wazi kwamba dini yao hairuhusu, na hao hawana chuki, wanasema wanachokiamini. Uwasikilize kwa heshima. Uamuzi utabaki wako.

Ila kuna mawili nimejifunza, moja kwa Keki na moja kwa mdogo wangu.

La Keki ni kwamba usimwombe mwenzako awe nusu. Nimeona wachumba wanaoambiana, "Tukioana tutaachana na mambo ya dini." Miaka mitatu baadaye mtoto anaumwa, saa nane usiku, na kila mtu anatafuta sala yake aliyoitupa. Mtu aliyejipunguza kwa ajili yako atakudai siku moja. Bora umjue alivyo mzima, na umpende au umwache akiwa mzima.

La mdogo wangu ni kwamba mzani uwekwe wazi mapema. Wao kabla ya kwenda bomani walikaa na kalamu na daftari. Mtoto ataitwa nani, atafundishwa nini, nani atafunga na nani atampikia daku, nyama itatoka kwa nani, mtu akifa atazikwa wapi na kwa sala ipi. Lile la kuzikwa liliwaliza wote wawili. Ila waliliandika. Wengi wetu tunapanga rangi za sare za kamati na hatupangi hilo.

Na nyie wazazi mnaosoma jarida hili kwa kuazima la binti yenu, najua mpo. Mnayo haki ya kuumia. Mama yangu aliumia kweli, na sikumwona mbaya. Ila angalieni maumivu ya dini yasije yakachimbua mambo mengine yaliyozikwa kwa heshima. Ugomvi wa mama ungeishia kwenye ubatizo, ungepona haraka. Uliingia kwenye mwaka 1978, kwenye godoro moja na mbuzi mmoja. Pale ndipo uliua.

Kifurushi

Siku mbili baada ya mazungumzo yale, asubuhi, nikamwona mama anafunga mwani kwenye jani kavu la mgomba, kile kifurushi kidogo kama wanavyouza stendi. Akanipa.

"Mpelekee."

Sikuuliza nani. Nikasema, "Mama, mimi sikuvunja kitu pale. Peleka mwenyewe."

Alinitazama kwa jicho ambalo kama ningekuwa na miaka kumi ningekimbia. Kisha akavaa kanga ya pili, akachukua panga lililokuwa ukutani, na akaingia kwenye migomba. Nikasikia anafyeka njia. Alikwenda anafyeka hadi mwisho.

Alikaa kule zaidi ya saa mbili. Aliporudi hakunisimulia, na mpaka leo hajanisimulia. Jioni mdogo wangu akanipigia simu analia, kwamba mama mkwe wake amempigia kumuuliza kama ana maziwa ya kutosha, maana alikuwa mjamzito wa miezi saba na kule mtu alikuwa hajauliza.

Sitaki kukupakia rangi. Hawajakubaliana. Mama bado anawasha mshumaa kwa ajili ya ile ndoa, na munywani bado anaiombea dua ya kwake, na nina hakika hawaombi kitu kimoja. Mtoto alizaliwa Februari 2020, wa kike, na majina anayo mawili, kila bibi anamwita lake na anageuka kwa yote. Wakati mwingine wanawake hawa wawili wananuniana siku nzima. Ila njia iko wazi, nimeipita mwenyewe likizo iliyopita, udongo umekanyagika vizuri.

Ukipata nafasi mtafute JJ Keki usikilize. Tena sikiliza Ijumaa jioni, muda ule ambao wale watu walikuwa wananong'ona enzi za Amin na sasa wanaimba kwa sauti. Ni mwendo wa basi tu kutoka kwetu: Mutukula, Masaka, Kampala, Jinja, Mbale. Kahawa yetu imekuwa ikivuka mpaka huo kwa magendo miaka na miaka kufuata bei nzuri. Wimbo wao nao umevuka kuja huku, na haukulipiwa ushuru.

Mama sasa ana nyimbo zile kwenye simu yake. Anampigia mjukuu wake akimlaza. Majuzi nilimkuta munywani kakaa pale pale kibarazani, anatafuna mwani, anaitikia kiitikio cha zaburi asichojua maneno yake, na mama anamkosoa.

Endeleeni kuniandikia. Safari hii sitakwepa. Tukutane mwezi ujao.